WhatsApp, Telegram, Moodle, Zoom: kipi cha kusomea kweli na kipi kinakufanya uhisi umesoma

Kila mwaka wa masomo ukianza naona kitu kilekile, mtu anaingia chuo, wiki ya kwanza tu ameshaunganishwa kwenye magrupu sita saba, amedaunlodi kila apu aliyoambiwa, na hakuna mtu hata mmoja aliyekaa naye akamwambia hii ni ya kazi gani na ile ni ya kazi gani. Anajikuta yuko onlaini kutwa nzima, anaona mambo ya kozi yanapita kwenye skrini, anaamini yuko vizuri, halafu matokeo yanatoka haelewi imekuwaje.

Mi nilishalipa gharama ya hilo. Mwaka wa pili tarehe ya kukusanya asaimenti moja ilirudishwa nyuma siku mbili, taarifa ikawekwa kwenye grupu la darasa usiku, kufika asubuhi juu yake kulikuwa na meseji zaidi ya 300, za mechi, za besdei ya mtu, stika, nikapita haraka haraka nikaona hakuna la maana. Nikakosa alama zote za kazi ile. Kilichoniuma ni kwamba ile taarifa nilikuwa natembea nayo mfukoni muda wote. Tangu hapo nikaanza kulinganisha hivi vitu kwa makini, kipi nikitumie kwa lipi, na ndicho ninachotaka kukuandikia hapa ili uchague mapema.

Kwanza acha kuuliza "apu gani nzuri". Uliza unataka ikufanyie nini, maana kuna kazi tatu watu wanazichanganya: kukufikishia taarifa, kukutunzia madesa, yaani noti na slaidi za kozi, ili siku ukiyatafuta uyapate, na kukufanya uelewe. Apu inaweza kuwa bingwa wa ya kwanza na kwenye ya tatu haina msaada kabisa.

WhatsApp au Telegram kwa grupu la darasa?

WhatsApp inashinda kwa kitu kimoja kikubwa, watu wote wako huko tayari. Humfundishi mtu kuitumia, humkumbushi kuifungua, meseji inafika na inasomwa. Grupu moja linachukua mpaka watu 1,024 kwa hiyo hata kozi kubwa inaenea, na faili unaweza kutuma mpaka la GB 2.

Shida yake iko kwenye kutunza. Mafaili yanakaa kwenye simu yako, memori inajaa, unafuta ili upate nafasi ya kupiga picha ubao, halafu karibu na mtihani unarudi kutafuta zile slaidi za wiki ya tatu unaambiwa faili halipo tena muombe aliyetuma akutumie upya, na aliyetuma naye alishabadilisha simu. Anayejiunga kwa kuchelewa hapati mazungumzo yote ya nyuma, anaanza kuomba "jamani nitumieni vya mwanzo", na ndio maana PDF moja inatumwa mara kumi kwenye grupu moja. Ukipoteza simu na hukuwa na bakapu, semista yako imeondoka nayo.

Telegram ilianza 2013 na imejengwa tofauti, vitu vinakaa kwenye seva zao. Ukifuta faili kwenye simu bado liko kule unalidaunlodi tena siku ukilihitaji, unafungua kwenye laptopu unalikuta, aliyejiunga leo anaweza kupanda juu mpaka meseji ya kwanza kama admini hajaficha historia. Grupu linabeba mpaka watu 200,000, chaneli haina kikomo, na faili moja bila kulipia ni mpaka GB 2. Kwa kutunza madesa hapo hakuna ubishi, Telegram iko mbele.

Ila ina mawili ya kuangalia. Kwanza watu hawaifungui kila saa, kwa hiyo ukiweka tangazo la "kipindi kimehamia saa mbili asubuhi" Telegram peke yake kuna watu watakuja saa nne. Pili usiri, WhatsApp tangu 2016 mazungumzo yake yamefungwa kwa usimbaji kuanzia kwa anayetuma mpaka kwa anayepokea, Telegram chati za kawaida na magrupu hayako hivyo, ni zile chati za siri tu. Kwa slaidi haina neno, ila kutupia huko picha ya kitambulisho, namba za usajili za darasa zima au matokeo ya watu, hapana.

Kwa hiyo mi ningekuwa mwakilishi wa darasa leo ningefanya hivi: grupu moja la WhatsApp lililofungwa, admini tu ndio wanapost, humo zinaingia tarehe, vyumba na mabadiliko basi. Porojo na utani viwe na grupu lao, maana watu wanahitaji kuongea na ukiwazuia watageuza grupu la matangazo kuwa kijiwe. Halafu chaneli ya Telegram kwa mafaili, na kila faili lina jina linaloeleweka, jina la kozi, wiki na mada, sio "Document 14 final final". Hilo la majina linaonekana dogo sana mpaka usiku wa kuamkia mtihani.

Kuhusu meseji za sauti, nzuri kwa kueleza hatua za hesabu kwa mtu mmoja, mbaya kwenye grupu. Huwezi kuzitafuta kwa neno, na hakuna atakayesikiliza dakika saba zako kutafuta sekunde ishirini zenye jibu.

Grupu linakusaidia kuelewa?

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wazuri wanapopotelea.

Mtu anapost swali la mwaka jana. Ndani ya dakika tano mwingine anapiga picha daftari lake, jibu limeandikwa vizuri hatua kwa hatua, watu mia mbili wanaangalia, wanatuma vidole gumba, kila mmoja anasema moyoni aah kumbe ndio hivyo. Kesho yake mpe mmoja wao karatasi tupu na swali lilelile uone.

Mwaka 2006 watafiti wawili Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo maandishi wasome. Wengine wakarudia kuyasoma, wengine wakaambiwa wayafunike wajaribu kuandika wanachokumbuka. Wakipimwa baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio waliofanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojilazimisha kukumbuka walikuwa na karibu asilimia 56, waliorudia kusoma karibu asilimia 42. Sasa hebu litazame grupu lenu kwa jicho hilo, kazi yake kubwa ni kukuletea vitu vya kusoma tena na tena, na kila ukisoma unahisi unaijua mada kwa sababu macho yameizoea. Mtihani haukuulizi kama umeizoea.

Ila grupu hilohilo unaweza kuligeuza. Makubaliano yenu yawe swali likiwekwa asubuhi, jibu haliwekwi mpaka jioni, na anayetaka kuchangia mchana anaweka alipokwama, haweki jibu kamili. Telegram ina kura za aina ya chemsha bongo, unaweka majibu manne, unaweka alama kwenye la kweli, mtu akichagua vibaya anaoneshwa papo hapo. Watu wanne wakitengeneza maswali matano matano kila wiki, mkifika wiki ya kumi mna maswali 200 ya kozi yenu wenyewe. Na atakayefaidika zaidi ni anayetunga, maana huwezi kutunga majibu matatu ya uongo yanayofanana na ukweli kama mada hujaielewa.

Moodle na majukwaa ya chuo

Vyuo vingi vina jukwaa lao na vingi chini yake ni Moodle, programu huria ya bure aliyoianzisha Martin Dougiamas kule Australia, toleo la kwanza 2002. Chuo kinaichukua, kinaipa jina lake na nembo yake, kwa hiyo unaweza kuwa unaitumia miaka mitatu hujui ndiyo. Wengine wanatumia Google Classroom iliyokuja 2014, nyepesi zaidi kwenye simu na rahisi kuielewa, ila Moodle ina mengi zaidi ndani, kwizi, majukwaa ya mijadala, rekodi za alama.

Ukilinganisha na magrupu, hapa ni pakavu, hapana raha, seva inaelemewa usiku wa mwisho wa kukusanya kazi, na kuna walimu wanaotupia slaidi mwanzo wa semista hawarudi tena. Yote kweli. Lakini ndiko kwenye rekodi. Ukikusanya kazi huko saa inaandikwa, ukibishania alama kuna ushahidi, tarehe ikibadilishwa na mwalimu inabadilika kwenye kalenda ya kozi yenyewe. Kilichoandikwa kwenye grupu ni maneno ya mwenzako, anaweza kuwa amekosea kwa nia njema kabisa.

Kwa hiyo jiwekee siku mbili za wiki za kulifungua hata kama hakuna aliyekwambia kuna kitu. Kusanya kazi siku moja kabla, ukimaliza piga skrinishoti ile sehemu inayothibitisha kwamba imepokelewa. Na kama intaneti yako ni ya kubahatisha, weka apu ya Moodle kwenye simu, kozi nyingi zinakubali udaunlodi maudhui ukiwa kwenye waifai ya chuo uje usome nje ya mtandao.

Ile sehemu ya mijadala ya Moodle ambayo watu wanaidharau mi naipenda kuliko grupu kwa kozi za maelezo mengi. Kila swali lina uzi wake, majibu hayachanganyiki na mechi, na kwa sababu hakuna anayesubiri ujibu sasa hivi unapata muda wa kufikiri ukaandika kitu chenye kichwa na miguu. Mkimya ambaye darasani hanyooshi mkono, huko unaweza kushangaa anachoandika.

Kipindi cha moja kwa moja au rekodi?

Kwanza apu zenyewe, kwa diskasheni zenu za bure. Zoom bila kulipia inakata baada ya dakika 40, Google Meet kwa watu watatu na zaidi inakwenda mpaka dakika 60, zote zinachukua watu 100. Kama mnatumia akaunti za bure Meet inawatosha. Kama chuo kimewalipia Zoom tumieni hiyo, vyumba vidogo vya kugawana makundi vinafanya kazi vizuri sana. Bando ndio la kuangalia, saa moja ya video ya kundi inakula mamia ya MB na ikiwa picha ni safi inapita GB 1, kwa hiyo zimeni kamera, bakisheni sauti na skrini ya anayeeleza.

Sasa kubwa lenyewe. Rekodi ina uzuri ambao lekcha ya moja kwa moja haiwezi kukupa: unasimamisha, unarudisha, unatafuta neno usilolijua, unaendelea. Kama unasoma kwa lugha ambayo sio ya kwanza kwako, au unafanya kazi mchana, rekodi inakuokoa. Na wale wanaoongeza kasi sio lazima wanajidanganya, watafiti wa UCLA, chuo kikuu kimoja cha Marekani, waliwaonesha wanafunzi video za lekcha kwa kasi mbalimbali wakakuta mpaka mara mbili ya kawaida uelewa haukushuka sana, ilipofika mara mbili na nusu ndio wakaanza kupoteza. Mi nashauri hivi, mada mpya kasi ya kawaida, marudio ongeza.

Lakini rekodi haina mtu wa kukuuliza uko wapi. Inasubiri. Leo inasubiri, kesho inasubiri, wiki ya nane una lekcha kumi na nne hujazigusa na sasa unataka kuzimaliza wikiendi moja kwa kasi ya mara mbili. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Stanford kilifungulia dunia nzima kozi ya akili bandia bure onlaini, ikafundishwa na Sebastian Thrun na Peter Norvig, wakajiandikisha watu wapatao 160,000, waliomaliza ni kama 23,000. Hao ni watu walioitaka kozi wenyewe bila kulazimishwa na walimu ni mabingwa wa fani. Kwa hiyo usijihukumu kuwa mvivu ukiona rekodi zinakushinda, kinachokosekana ni kitu cha kukukalisha kwenye kiti saa fulani. Kipindi cha moja kwa moja kinakupa hicho, na kinakupa nafasi ya kusema "samahani hapo sijaelewa" wakati jambo bado bichi kichwani.

Ukilazimika kuchagua: mwaka wa kwanza, kozi ngumu, au kama unajijua unaahirisha, ingia moja kwa moja na rekodi iwe ya kurudia. Kozi unayoimudu, au ratiba yako imebanwa kweli, chukua rekodi lakini ipe siku na saa kama kipindi, ukiwezekana na mwenzako anayeiangalia saa hiyohiyo.

Na video fupi za YouTube zinazoeleza mada kwa dakika kumi? Nyingi ni nzuri kweli, zimeniokoa kwenye takwimu. Ila kuwa mwangalifu na ule mteremko wake. Pale Harvard 2019 walilinganisha wanafunzi wa fizikia, kundi moja likapewa lekcha iliyopangwa vizuri inayotiririka, jingine likawekwa kutatua maswali wenyewe. Waliosikiliza lekcha walihisi wamejifunza zaidi, mtihani ukaonesha waliohangaika na maswali ndio waliojifunza zaidi. Kwa hiyo video ikiisha na unajiona umeelewa kila kitu, ifunge, chukua karatasi, fanya swali moja bila kuangalia. Ukikwama dakika ya pili umeokoa wiki tatu za kujidanganya.

Laptopu au daftari darasani

Mwaka 2013 huko Kanada wanafunzi waliwekwa kwenye lekcha, waliokuwa wanafanya mambo mengine kwenye laptopu wakapata chini kwa asilimia 11. Cha kusikitisha zaidi, waliokaa mahali ambapo skrini za wengine zinaonekana, wao wenyewe hawajafanya kosa, walishuka kwa asilimia 17. Kwa hiyo kama unatumia laptopu darasani na unajua utapitia mambo mengine, kaa nyuma, usimharibie mwenzio.

Kuhusu kuandika kwa mkono, kuna utafiti wa 2014 wa Mueller na Oppenheimer uliosema waandikao kwa mkono wanaelewa zaidi kwa sababu wanaotaipu wananakili neno kwa neno. Tafiti zilizorudia baadaye, 2019 na 2021, hazikupata tofauti ya kutosha kwenye mtihani, kwa hiyo usimtishe mtu aliyezoea kutaipu. Hesabu, kemia, michoro, tumia daftari maana kwenye kibodi utachelewa. Kozi za maelezo, laptopu sawa, ila zima waifai mpaka kipindi kiishe. Simu weka kwenye begi na sauti imezimwa, isikae mezani hata ikiwa imefunikwa.

Kumuuliza mwalimu: barua pepe, meseji au ofisini

Meseji ya WhatsApp ni kama ameruhusu mwenyewe na swali ni la ndiyo au hapana. Swali la kozi liende kwa barua pepe, kichwa cha habari kina jina la kozi, ndani umesema umesoma nini, umejaribu nini, umekwama hatua ipi. Mara nyingi nilipokuwa naandika hivyo jibu lilikuja lenyewe kabla sijatuma. Ila kama hali yako ni "sielewi hata nianzie wapi", hiyo haiandikiki, nenda ofisini saa alizotangaza, dakika kumi za ana kwa ana zitamaliza meseji arobaini.

Kama ungeniuliza nikupangie

Bando dogo na simu pekee: WhatsApp kwa taarifa, mafaili uyachukue kwenye waifai ya chuo, apu ya Moodle nje ya mtandao, video uziache zile za lazima tu. Unasoma huku unafanya kazi: rekodi zenye saa maalum, Telegram kwa madesa, na mtu mmoja darasani unayemwamini akwambie tarehe zikibadilika, halafu hakikisha mwenyewe kwenye jukwaa la chuo. Uko chuoni muda wote na una muda: punguza magrupu yabaki mawili, notifikesheni za mengine zima, hutakosa kitu.

Na kama mna kikundi cha kupiga msuli pamoja, kiwe kidogo. Chetu kilikuwa cha watu wanne, Meet mara moja kwa wiki usiku, dakika 60, kamera zimezimwa. Mmoja anaeleza mada bila kuangalia noti, watatu wanauliza, hakuna kumsaidia mpaka aseme mwenyewe amekwama, na pale alipokwama ndipo tunapofungua slaidi. Aliyekwama wiki hii ndiye anayeanza wiki ijayo, na mada ileile.